Futari ya Alfajiri

Agosti. Ramadhani imeangukia katikati ya kiangazi,
na Ziwa Tuz limekauka hadi kwenye kifundo cha mguu.
Maji yaliyobaki ni mekundu, kama sufuria
iliyochemshiwa bitiruti ikasahauliwa.
Nimekuja kutoka Ankara na chupa kumi na mbili,
kipimajoto, na kalamu isiyofutika.
Baba amekuja na kiti chake cha plastiki.

Miaka thelathini na minne Durmuş Karaca
aliendesha trekta la chumvi hapa.
Weupe umemla macho polepole
kama kutu ilivyolila trekta:
ananitambua kwa mlio wa viatu vyangu
vikivunja ukoko.
"Nazmiye," anasema, "hao wadudu wako,
humo ambamo hata nzi hadumu, wanakula nini?"

Nachota. Nainua chupa juani.
Si wadudu, baba. Kwao mdudu ni mlima.
Chumvi ikizidi, hewa hukataa kuyeyuka majini,
pumzi ikawa haba.
Basi wanakula mwanga.

"Mwanga," anasema,
kama mtu aliyetajiwa bei.

Namweleza nijuavyo, bila ubao, bila chaki.
Kila mmoja ana viraka vya zambarau mwilini,
na ndani ya kiraka, protini kwa maelfu,
kila moja imepita utandoni mara saba, ndani, nje, ndani,
kama uzi wa mshona godoro.
Katikati yake pamekaa kijiti kimoja,
ukoo mmoja na rangi ya karoti.
Mwale ukikigusa, kinapinda.
Ni hilo tu. Kinapinda.
Na kwa kupinda kinaachia protoni,
chembe ya haidrojeni iliyovuliwa nguo zote;
mkono wa kwanza unaipokea, unaupa wa pili,
kama matofali yanavyopanda kwa mafundi ghorofani,
mpaka nje.
Kijiti kinajinyoosha, kinapewa nyingine kutoka ndani.
Kabla hujamaliza kupepesa
imekwisha kuwa mara kumi, labda ishirini.

Nje panajaa, ndani panapungukiwa,
na kilichofukuzwa hutamani kwao.
Lakini mlango wa kurudia una gurudumu:
kila protoni irudiyo hulisukuma kidogo,
nalo husaga nguvu kama kinu kisagavyo ngano.
Jirani yake, protini ya namna nyingine,
huvuta kloridi ndani, kwa mwanga huohuo,
kiumbe kisije kikanyonywa maji
na chumvi iliyokizaa.

Baba yu kimya. Mbali, heroe wanagombana.
"Na usiku?"
Usiku wanangoja.
Anacheka, midomo imempasuka kwa saumu.
"Basi wao wanafuturu alfajiri!
Sisi tukinawa mikono, wao ndio wanatia nia.
Ziwa hili halikosi mfungaji."

Sikumwambia lililobaki:
kwamba kijiti kama hicho kimo jichoni mwake pia,
kwamba wako madaktari wanaojaribu
kupandikiza lango la mwani wa kijani
ndani ya macho yaliyozimika.
Nilisoma habari yao kwenye basi, nikahesabu wagonjwa;
vidole vyangu vilitosha.
Sikumwambia kwa kuwa angeniuliza, lini.

Bado saa mbili kabla ya adhana.
Nazivika chupa karatasi ya fedha, moja moja,
zisipikike njiani.
Anasikia ule mchakacho.
"Umewafunika?"
Nimewafunika.
"Moja iache wazi. Bado mchana."

Naweka ya kumi na mbili kiganjani mwake.
Anaigeuza, anaigeuza tena,
akiutafuta kwa ngozi
upande wenye joto.